Pigeni hodi kwanza: barua ya wazi kwenu mnaoshika taarifa zetu

Waheshimiwa, mlionizidi umri shikamooni, na wengine wote habari za majukumu.

Nawaandikia nyinyi mnaotunga sheria, nyinyi mnaosimamia ofisi zenye mafaili yetu, na nyinyi wenye kampuni ambazo simu zetu zinawapelekea habari zetu usiku na mchana. Najua kila mtu ana kiti chake na bosi wake, ila kwetu sisi huku chini mnafanana kwa jambo moja, nyote mnatujua na sisi hatuwajui. Mnajua namba yangu, naishi wapi, naamka saa ngapi, nimeongea na nani jana na kwa dakika ngapi, mimi sijui hata nani huko kwenu anaweza kulifungua faili langu wala akilifungua anaandika wapi kwamba kalifungua. Naomba mnisome mpaka mwisho, sijaja kugombana na mtu.

Kilichonisukuma ni kitu kidogo tu. Mwaka jana nilienda ofisi moja, sitaitaja jina, kufuatilia karatasi zangu. Pale mapokezi kuna daftari la wageni, lile kubwa la mistari, kalamu imefungwa kwa uzi ili isiondoke. Unaandika jina kamili, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unatoka wapi, unamwona nani, sababu ya kuja, saa ya kuingia, sahihi. Nikaanza kujaza na macho yakapanda yenyewe mstari wa juu, nikakuta mama mmoja kaandika jina lake lote na namba yake na kwenye sababu kaandika kwa mwandiko mzuri kabisa, kesi ya talaka. Yani mimi mtu baki, kwa sekunde tano tu nikawa najua jambo ambalo labda hata dada zake walikuwa hawajaambiwa. Nikajisikia vibaya kama nimechungulia dirishani kwa watu.

Alafu zamu yangu. Mi nilikuja kwa jambo la afya yangu, la kwangu na daktari wangu, nikaandika "binafsi". Mlinzi akasoma akasema hapana, andika sababu kamili. Nyuma yangu watu watatu wamesimama wananiangalia. Nikaandika uongo. Nimekuja kuchukua fomu, ndo nilichoandika, na nikatia sahihi yangu halali chini ya uongo ule. Mimi sikuwa na kosa, sikuwa naficha uhalifu wowote, lakini kitendo cha kujua kwamba mstari wangu utasomwa na yeyote anayekuja baada yangu kilitosha kunifanya niwe mtu mwingine pale pale. Nimeliwaza jambo lile muda mrefu kuliko lilivyostahili labda, na kila nikiwaza narudi palepale, hakuna aliyenitishia na hakuna aliyenikataza kusema kweli, na bado sikuwa huru.

Mdogo wangu wa kike naye alishawahi kupata meseji usiku kutoka kwa mtu asiyemjua, akamuuliza umenipata wapi, akajibiwa bila aibu kwamba namba kaitoa kwenye daftari la getini. Alibadilisha laini. Siku hizi kila akiambiwa ajaze daftari anaandika namba ya uongo, na simlaumu hata kidogo.

Sasa lile daftari, waheshimiwa, ndo mmelihamishia kwenye simu zetu, tofauti ni kwamba la kwenye simu hatuuoni mstari wa mtu mwingine ila kuna watu wanaoiona yote. Apu ya tochi inaomba ijue ulipo. Mchezo wa watoto unaomba kurekodi sauti. Apu nyingine inakwambia nipe namba zote ulizohifadhi au ufute usiitumie, na hapo ndo pananiuma zaidi mana nikibonyeza kukubali sijikubalii peke yangu, namkubalia na mama yangu ambaye hajawahi hata kuiona apu hiyo, namkubalia na daktari wangu, na rafiki yangu aliyenipa namba yake mpya akaniambia usimpe mtu. Ridhaa yao nimeitoa mimi, tena nimeitoa saa tano usiku nikiwa na usingizi, kwa kubonyeza chini ya kurasa ishirini za maneno ya wanasheria ambayo na nyinyi wenyewe sidhani mnayasoma mkiwa na simu zenu. Ridhaa ya namna hiyo mtu mzima ukiambiwa ni ridhaa unapaswa kukataa.

Kila tukilisema hili tunajibiwa kama huna cha kuficha unaogopa nini. Naomba tutumie lugha yetu vizuri hapa, mana Kiswahili kina kuficha na kina kusitiri, na hivi vitu viwili havijawahi kuwa kimoja. Anayeficha ana kosa au ana hila. Anayejisitiri ni binadamu tu. Unafunga mlango ukioga na kila mtu anajua unachofanya mle ndani. Mgonjwa anasitiriwa, maiti anasitiriwa, anayelia tunampisha alie. Sasa mtu aliyezaliwa na kulelewa kwenye lugha yenye neno sitara anawezaje kukaa ofisini na kuniambia kwamba ukitaka sitara basi una kosa? Na kupiga hodi je? Mgeni anapiga hodi hata kama mlango uko wazi, anasubiri aambiwe karibu, na asipojibiwa anaondoka. Nyinyi mmeshaingia, mmeshakaa, mmeshafungua makabati, ndo kwanza tunasikia kwenye habari kwamba mlikuwemo.

Nirudi kwenye uhuru mana ndo roho ya barua hii. Watu wengi wakisikia faragha wanafikiria wizi wa pesa mtandaoni, pasiwedi kuibiwa, meseji za matapeli. Hayo yapo na yanaumiza. Ila kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye akaunti yoyote, nayo ni yale mambo ambayo mtu anaacha kuyafanya. Swali ambalo hakuuliza. Makala ambayo hakuifungua. Mkutano ambao hakwenda kwa sababu simu yake itaonyesha kwamba alikuwepo. Mwenyewe nishawahi kuandika dalili fulani kwenye sehemu ya kutafutia, usiku, peke yangu chumbani, mwanga wa simu usoni, nikafika herufi ya mwisho nikazifuta moja moja mpaka mwanzo, mana nilijiuliza hii itaenda wapi, bima wataiona, mwajiri ataiona, kesho nitaanza kuletewa matangazo ya dawa yake mbele za watu? Nikalala bila kujua nina nini. Hakuna takwimu itakayomhesabu mtu aliyefuta swali lake mwenyewe.

Ingawa kuna waliojaribu kupima. Mwaka 2013 Edward Snowden, Mmarekani aliyefanya kazi za ujasusi, alipotoa nyaraka zilizoonyesha ukubwa wa ufuatiliaji wa mawasiliano unaofanywa na shirika la ujasusi la Marekani, mtafiti Jonathon Penney aliangalia usomaji wa makala za Wikipedia zenye mada zinazohusiana na ugaidi, na utafiti wake uliotoka 2016 ulionyesha usomaji ule ulishuka baada ya habari zile kutoka. Fikirieni, kusoma Wikipedia si kosa popote pale, ni sawa na kufungua kamusi, na watu waliacha kwa sababu tu wamejua kuna jicho. Miaka 30 kabla ya hapo, tarehe 15 Desemba 1983, Mahakama ya Katiba ya Ujerumani Magharibi ilishaliona hili kwenye kesi ya sensa, wananchi wengi walikuwa wametangaza kugomea madodoso na majaji wakakubali sehemu ya hoja za waliopinga, wakasema mtu asiyejua ni nini kinajulikana juu yake na nani anakijua ataanza kujizuia, anaweza hata kuacha kwenda kwenye mkutano au kujiunga na chama, na hilo linaharibu utu wake na linaharibu demokrasia yenyewe. Wakaipa haki hiyo jina, haki ya mtu kuamua mwenyewe kuhusu taarifa zake. Mwaka ule hakukuwa na simu ya mkononi mfukoni mwa mtu wa kawaida, majaji wanazungumzia karatasi na kompyuta kubwa za ofisini, na bado waliona mbali hivyo.

Na upande wa pili wa ukuta, Ujerumani Mashariki, Stasi, yani polisi wa siri wa serikali, walikuwa na waajiriwa karibu 91,000 mwaka 1989 kwa nchi ya watu milioni 16 hivi, bado hujahesabu watoa habari wa siri waliokuwa ndani ya familia na kazini. Mafaili waliyoyaacha ukiyapanga yanafika kilometa zaidi ya 100. Wananchi waliporuhusiwa kuanzia 1992 kwenda kusoma mafaili yao wapo waliokuta aliyekuwa anawaripoti ni rafiki wa karibu au mwenza wa ndoa. Stasi walihitaji jeshi zima la watu kujua nani kamtembelea nani. Leo simu moja inaripoti hayo bure, bila mshahara, na mwenye simu ndiye anayeichaji.

Najua mtasema sisi sio Stasi. Naamini. Wengi wenu ni watu wema mnaotaka kazi iende, mkusanye kodi vizuri, mgonjwa akija faili lake lipatikane haraka, na mimi nayataka hayo. Shida ni kwamba taarifa zinaishi kuliko cheo. Nyinyi mtastaafu, mtabadilishwa, kampuni itauzwa, serikali itapita ije nyingine, na kabati litabaki pale na kila kitu ndani. Uholanzi kabla ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa na rejista ya wakazi iliyopangwa vizuri sana, kila mtu na kadi yake, na kwenye kadi kuna sehemu ya dini. Waliojaza walijaza kwa moyo mweupe, ilikuwa kazi ya kawaida ya ofisi. Mwaka 1940 jeshi la Hitler likaingia na kadi zikawa zipo zinasubiri. Wayahudi zaidi ya laki moja wa nchi ile wakauawa, karibu robo tatu ya wote. Sababu zilikuwa zaidi ya moja ila ubora wa rejista ile ulikuwa mmojawapo na wanahistoria wanalisema. Usiku wa tarehe 27 Machi 1943 kikundi cha wapinzani, humo kuna wasanii na wanafunzi wa udaktari, walivaa sare za polisi wakaingia kwenye jengo la rejista Amsterdam, walinzi wakachomwa sindano za usingizi wakatolewa nje salama, makabati yakafunguliwa, kadi zikamwagwa sakafuni, wakalipua. Ziliungua nyingi lakini zilizopona zilikuwa nyingi zaidi. Wengi wao walikamatwa na Julai mwaka ule ule kumi na wawili wakapigwa risasi. Watu wenye akili timamu na maisha yao mbele walikufa kwa kujaribu kuchoma karatasi za ofisi, nawaomba mkae na picha hiyo kila mnapotaka kuongeza sehemu nyingine kwenye fomu.

Rwanda nayo, kitambulisho chenye kabila kilianzishwa na Wabelgiji miaka ya 1930 kwa ajili ya utawala wao, na mwaka 1994 kwenye vizuizi vya barabarani mstari ule ule mmoja ndo ulikuwa unaamua nani anapita na nani anabaki pale chini. Sitaandika zaidi kuhusu hilo.

Jibu jingine mnalotupa ni kwamba majina huwa yanatolewa, data zinabaki bila mwenyewe. Hapa naomba wataalamu wenu wawaambie ukweli. Mtafiti Latanya Sweeney wa Marekani alionyesha kwamba ukiwa na tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta tu, karibu asilimia 87 ya Wamarekani wanaweza kutambulika mmoja mmoja. Na hakuishia kwenye hesabu, aliichukua orodha ya wagonjwa iliyotolewa "bila majina" akailinganisha na daftari la wapiga kura akampata gavana wa Massachusetts humo ndani, pamoja na habari za matibabu yake. Hiyo ni miaka ya 1990. Sasa ongezeni simu inayojua mtu analala wapi usiku na anashinda wapi mchana, wangapi duniani wanalala kitanda kile na kukaa dawati lile? Mmoja tu. Jina la nini tena.

Na kuhusu alama za vidole na nyuso naomba muende taratibu sana. Pasiwedi ikivuja nabadilisha ndani ya dakika moja. Mwaka 2015 ilibainika kwamba wadukuzi waliingia kwenye ofisi ya utumishi ya serikali ya Marekani na kuondoka na alama za vidole za watu milioni 5.6, hiyo ni nchi yenye hela na wataalamu, na watu wale mpaka leo wana vidole vile vile. Kama wao iliwashinda kulinda, mtu anayeniambia seva yake haiwezi kuvuja namuonea huruma.

Kwa upande wa kampuni nitasema kidogo kwa sababu mengi yameshasemwa. Ile kashfa ya Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kampeni za kisiasa, iliyolipuka 2018, waliojaza dodoso la haiba kwenye Facebook walikuwa kama 270,000, ila Facebook wenyewe walikiri taarifa zilizochukuliwa huenda zilifika za watu milioni 87, kisa marafiki wa hao waliojaza. Ndo lile la mama yangu na namba zangu. Na zilitakiwa kwa ajili ya kuwashawishi watu kwenye uchaguzi, yani mtu anasomwa hofu zake kwanza alafu ndo anaandikiwa ujumbe unaoingia kwenye hofu hiyo hiyo, akienda kupiga kura anadhani mawazo ni yake. Mtu wa namna hiyo hata kama kura yake ni ya siri, siri hiyo imeshatobolewa kabla hajafika kituoni.

Usalama najua mtaleta, na mimi sio mtoto, wahalifu wapo na wanatumia simu hizi hizi. Mkimshuku mtu nendeni kwa hakimu, mseme ni nani, kwa kosa gani, kwa muda gani, hakimu aandike, mkaangalie. Ninachokataa ni kutuangalia wote kila siku mkisubiri mmoja akosee. Azimio la Dunia la Haki za Binadamu la 1948 kifungu cha 12 linasema mtu asiingiliwe kiholela faragha yake, familia yake, nyumba yake wala mawasiliano yake, na neno kiholela ndo hilo, bila sababu na bila wa kuuliza. Mahakama ya Juu ya India mwaka 2017 majaji tisa kwa kauli moja walisema faragha ni haki ya msingi ya kikatiba. Umoja wa Afrika una mkataba wake wa usalama wa mtandao na ulinzi wa taarifa binafsi uliopitishwa Malabo 2014, umeanza kutumika Juni 2023 tu, miaka tisa imepita kusubiri nchi 15 ziridhie. Miaka tisa kwenye mambo ya simu ni umri mzima.

Ninachoomba hakihitaji mitambo mipya. Kila sehemu kwenye fomu iwe na mtu anayeweza kuniambia inahitajika kwa kazi gani, asiyeweza aifute. Kila taarifa iwe na tarehe ya kufa, ikifika ifutwe bila mimi kuja kupiga magoti. Ikivuja niambiwe, Ulaya tangu Mei 2018 aliyevujisha ana saa 72 kumjulisha msimamizi, na watu walio kwenye hatari kubwa nao wanapaswa kuambiwa bila kuchelewa, sisi wengine duniani mara nyingi tunajua tukikuta namba zetu zinauzwa mtandaoni. Apu ikataliwe kuninyima huduma kwa sababu nimekataa kuipa kisichoihusu. Anayewasimamia asiwe mtu mnayemteua na kumfukuza nyinyi wenyewe mkiudhika, na awe na bajeti, mana msimamizi asiye hata na hela ya kuajiri wakaguzi ni jina tu mlangoni. Na kila anayefungua faili langu aache alama yake, jina, siku, saa na sababu, kama mimi ninavyoacha yangu pale mapokezi.

Na mimi nipewe haki ya kuliona na kulisahihisha. Nasema hivi kwa sababu kwenye daftari la ile ofisi bado kuna mstari wenye jina langu na namba yangu na uongo nilioandika nikiwa nimesimama mbele ya watu watatu. Nilirudi kuuliza nifanyeje ili utolewe, mlinzi hakujua, wa ndani naye hakujua, wakaniambia daftari likijaa linapelekwa stoo, stoo hawajui linakaa mpaka lini na nani ana ufunguo. Naomba mniambie kwa maandishi niende kwa nani, chumba namba ngapi, na atanijibu ndani ya siku ngapi. Nitakuja mwenyewe na kitambulisho changu.